Ua, Pua na Jina la Binti

Mpwa wangu alikaa Japani miaka minne kwa masomo ya uhandisi, akarudi Tanga, akaoa. Mkewe alipokuwa na mimba ya miezi minane, na daktari amekwisha kuwaambia kuwa mtoto ni wa kike, kijana akataka binti yake aitwe Hana, neno ambalo kwa Kijapani maana yake ni ua. Mkewe aliridhika. Mama mkwe hakuridhika. Aliposikia jina hilo mara ya kwanza aliweka kikombe chake chini, akauliza, "Hana nini?" Tangu siku hiyo nyumba ikagawanyika pande mbili, na kwa kuwa mimi ndiye mtu wa vitabu katika ukoo, likaletwa kwangu. "Mjomba," kijana aliniambia, "wewe umesoma. Tuamue."

Si kazi ya mjomba kumwamulia mtu jina la mwanawe. Walakini swali lenyewe lilinikaa moyoni, kwa sababu kabla ya kuwa swali la jamaa ni swali la fasihi. Watu wanaolipenda jina la ua husema kuwa ua ni uzuri, na uzuri ni sifa, basi kumwita binti kwa jina la ua ni kumsifu tangu siku ya kwanza. Wanaolikataa husema kuwa ua hunyauka. Pande zote mbili hudhani kuwa jina la ua linasema habari za yule anayeitwa. Mimi nimekuja kuona kuwa sivyo. Jina la ua husema habari za yule anayeita: alikuwa amesimama wapi, aliona nini, na alitaka nini. Ushahidi wangu nitautoa katika kitabu ambacho sijaona mwenzake kwa wingi wa wanawake wenye majina ya maua, nacho ni Hadithi ya Genji, iliyotungwa na mwanamke wa baraza la kifalme la Japani mwanzoni mwa karne ya 11. Nakisoma kwa fasiri za Kiingereza: ile ya Arthur Waley iliyotoka kwa juzuu sita kati ya 1925 na 1933, ya Edward Seidensticker ya 1976, na ya Royall Tyler ya 2001.

Lakini kwanza tuyapitie upesi yasemwayo na Wajapani wenyewe, maana watu wa mbali hudhani kuwa Mjapani akisikia jina la ua hutabasamu tu. Sakura, ua la mcheri, ni jina linalopendwa sana kwa mabinti. Hata hivyo wapo walionung'unika kuwa maua hayo hupukutika baada ya siku chache, na katika vita vilivyokwisha 1945 kupukutika huko kulifanywa mfano wa kufa kwa vijana. Chombo cha kulipuka kilichorushwa na rubani asiyetazamiwa kurudi kiliitwa Ohka, yaani ua la mcheri. Tena neno hilo hilo sakura, katika mazungumzo ya sokoni, ni mnunuzi wa uongo anayelipwa ili awavute wengine, na hotelini ni nyama ya farasi. Tsubaki haliachi petali moja moja, bali huanguka zima zima kama kichwa kilichokatwa, na wenye kuamini ndege mbaya hulikwepa. Ajisai hubadili rangi, likasingiziwa ugeugeu. Kiku ni alama ya ukoo wa mfalme, yenye petali 16, na papo hapo ndilo ua la mazishini. Tena nani katika Japani asiyemjua Okiku, mtumishi wa hekaya, ambaye mzuka wake huhesabu sahani kisimani usiku?

Maoni hayo siyadharau. Lakini yanafanana na ya mama mkwe kwa jambo moja: yanalitazama ua, hayautazami mkono uliolichuma.

Msomaji wa Hadithi ya Genji hukutana na akina Yugao, Aoi, Murasaki, Asagao, Suetsumuhana na Fujitsubo, akadhani kuwa wazazi wao waliwaita hivyo. Hakuna hata mmoja. Katika baraza la zama zile jina la mwanamke wa heshima halikutajwa ovyo. Aliitwa kwa cheo cha baba au cha mume, au kwa nyumba aliyokaa. Fujitsubo ni jumba ambalo uwanjani mwake mlikuwa na fuji, ule mmea utambaao wenye vishada vya maua ya zambarau. Kiritsubo, jina tumwitalo mama yake Genji, ni jumba lenye mti wa kiri. Mengine ni lakabu zilizotolewa katika mashairi ambayo watu wa kitabu waliandikiana, au katika majina ya sura, na nyingine ni wasomaji wa baadaye waliozikaza zikawa majina. Tyler alijaribu kuirudisha desturi ya asili: mtu aitwe kwa cheo, na cheo kikibadilika naye abadilike. Ni uaminifu mkubwa, lakini msomaji hugeuka mgeni arusini asiyejua nani ni nani. Waley na Seidensticker walituhurumia.

Mtungaji mwenyewe yumo katika msiba huo. Jina alilopewa na baba yake halijulikani kwa yakini. Shikibu ni idara ya sherehe ambayo baba yake alipata kuitumikia. Murasaki ni jina la mwanamke aliyemtunga yeye mwenyewe. Katika shajara yake, kwenye habari za 1008, ameeleza jinsi mkuu mmoja wa baraza, Fujiwara no Kinto, alivyochungulia wakati wa karamu akiuliza kama Murasaki kijana yupo. Naye akawaza moyoni kuwa ikiwa Genji hayupo, huyo Murasaki angetoka wapi. Basi mwanamke aliyewagawia wengine majina ya maua ametufikia kwa jina la mmea, na lile la kuzaliwa limepotea.

Tumwangalie Yugao. Genji ana miaka 17, amekwenda kumjulia hali mlezi aliyemnyonyesha, ambaye ni mgonjwa katika mtaa wa Gojo, mtaa wa watu wa hali ya chini. Akiwa katika gari lake la ng'ombe akingoja lango lifunguliwe, anaona katika nyumba ya jirani ua jeupe juu ya ua. (Kiswahili kinanichezea hapa, ua la kwanza ni la kunusa na la pili ni la kuzuia kuku.) Anauliza jina lake. Mtumishi anamjibu kuwa laitwa yugao, uso wa jioni, nalo hupenda kumea katika nyumba chakavu kama ile. Anaagiza lichumwe. Msichana mdogo anatoka ndani na upepeo mweupe uliofukizwa manukato ili ua liwekwe juu yake, na katika upepeo mna shairi limeandikwa. Hapo ndipo jina lilipozaliwa: kwa mpita njia, ambaye hajauona uso wa mtu ambaye jina hilo litakuwa lake. Mwanamke huyo hakupata kumwambia Genji yeye ni nani. Genji alimchukua usiku mpaka jumba lililohamwa, na humo, baada ya mzuka kumtokea Genji ndotoni, akafa ghafla akiwa na miaka 19.

Tukisoma "uso wa jioni" katika fasiri twasikia ushairi mtupu. Lakini mmea wenyewe ni wa namna ya mmung'unye, jamii ile ile izaayo vibuyu. Tunda lake hukatwa nyuzi ndefu, likakaushwa, likaliwa. Mpwa wangu angaliniambia kuwa anataka kumwita binti yake Ua la Mmung'unye, mama mkwe asingaliuliza swali. Angalichukua mkoba wake akaenda zake. Mtungaji alijua alilolifanya. Ua hilo ni la ajabu kwa Genji kwa sababu yeye ni mgeni mtaani. Kwa wenye nyumba ni mboga. Jina la Yugao lapima umbali uliokuwapo kati ya gari na dirisha, na mwanamke aliye nyuma ya dirisha hamo ndani yake.

Sura ya sita, ambayo ni ya Suetsumuhana, yasema wazi zaidi, nami nitakaa nayo kidogo. Yuko binti wa marehemu mwana wa mfalme wa Hitachi, ameachwa peke yake katika nyumba inayobomoka, akipiga ala ya nyuzi saba. Genji alisimuliwa habari zake kidogo tu. Yaliyobaki aliyajaza mwenyewe. Binti mpweke, bustani iliyoota magugu, muziki usiku: mwanamke wa namna hiyo atakosaje kuwa mzuri? Akamwendea gizani akaondoka gizani. Asubuhi moja ya theluji akamwomba asogee watazame theluji pamoja, na hapo akamwona. Pua yake ilikuwa ndefu, imeinama, na ncha yake nyekundu. Mtungaji hana huruma, anaifananisha na mkonga wa tembo anayepandwa na Fugen, mmoja wa watakatifu wa Kibudha. Ndipo Genji akatunga shairi lenye neno suetsumuhana, jina la kishairi la ua lichumwalo nchani, ambalo hutoa rangi nyekundu ya vitambaa. Ua kwa Kijapani ni hana. Pua nayo ni hana. Ua jekundu, pua nyekundu: masikioni ni sifa, moyoni ni tusi.

Wafasiri wa Kiingereza hutokwa jasho mahali hapa, maana katika lugha yao ua na pua ni maneno yasiyojuana. Kiswahili kimejaliwa: ua na pua, na kati yao herufi moja tu. Atakayekifasiri kitabu hiki kwa lugha yetu siku moja, na natamani nimwone, atakuta shairi hilo lilikuwa likimngoja.

Ni rahisi kuipita sura hiyo kwa kucheka, na hakika yachekesha. Lakini iangaliwe inavyokwisha. Genji amerudi nyumbani kwake, anacheza na mtoto Murasaki. Anachora mwanamke mwenye pua nyekundu. Kisha anajitazama katika kioo, anachukua rangi, anajipaka puani. Mtoto anacheka sana, halafu anaingiwa na hofu kuwa huenda rangi ikakaa isitoke, anasogea amfute. Kwa maoni yangu hukumu ya mtungaji iko hapo, wala haihitaji neno jingine. Yule aliyempa mwanamke jina la pua amesimama mbele ya kioo na pua hiyo hiyo, na anayeiona kuwa si mzaha ni mtoto.

Wala hadithi haikumwacha binti wa Hitachi katika aibu hiyo. Genji alipouhama mji kwenda Suma, mambo yake yalipoharibika, huyu hakuwa na wa kumtazama. Watumishi wakamkimbia, magugu yakaziba lango, mbweha wakaingia wakakaa. Akashauriwa auze vyombo vya baba yake akakataa; shangazi... la, nimekosea, alikuwa mama yake mdogo, akataka kumchukua nchi ya mbali, naye akakataa vile vile. Akangoja. Genji aliporudi mjini hakumkumbuka, mpaka usiku mmoja alipopita njia ile akaona fuji limening'inia katika msonobari. Akaingia, nguo zikilowa umande wa magugu. Baadaye akamhamishia katika jumba la mashariki la Nijo, akamtunza. Pua haikufupika, wala jina halikubadilishwa. Lakini jina lililotungwa kwa dhihaka limekuwa la mtu aliyemo katika hesabu ya nyumba, anayekumbukwa wakati wa kugawa nguo za mwaka mpya. Sioni mahali pengine katika kitabu ambapo Genji analipa deni la ulimi wake namna hiyo.

Deni la Murasaki hakulilipa. Murasaki ni mmea wenye maua madogo meupe na mizizi inayotoa rangi ya zambarau. Genji alimwona katika vilima vya kaskazini akiwa mtoto wa miaka kama kumi, akilia kwa kuwa mwenzake Inuki amemwachilia shomoro wake aliyemfungia chini ya kikapu. Mtoto ana mambo yake mbele ya macho yetu: shomoro, kikapu, machozi. Genji haoni shomoro. Anaona kuwa uso huu wafanana na uso wa Fujitsubo, mke wa baba yake, mwanamke ampendaye na asiyempata. Na kweli Fujitsubo ni shangazi wa mtoto huyo. Fuji ni la zambarau, na mzizi wa murasaki ni wa zambarau. Hivyo jina la mtoto lilichovywa katika chungu cha rangi ya mtu mwingine. Alichukuliwa, akalelewa, akafanywa mke. Akawa bora kuliko wote. Na alipoomba zaidi ya mara moja aruhusiwe kunyoa nywele aingie utawani, Genji alikataa mpaka alipokufa. Watu husema Murasaki ni jina zuri kuliko yote ya kitabu hiki. Mimi kila nikilisoma namkumbuka shomoro.

Aoi nitampita upesi. Jina lake latokana na majani, si ua, ambayo watu hujipamba nayo katika sikukuu ya Kamo, ifanywayo hata sasa mjini Kyoto tarehe 15 Mei. Na katika ushairi neno hilo lilichezewa likasikika kama "siku ya kukutana". Naye na mumewe hawakupata kukutana kwa moyo ila alipokuwa karibu kufa kwa uzazi. Asagao, uso wa asubuhi, ni kinyume chake na ni furaha yangu. Genji alimwandama miaka mingi. Na siku moja, walipokuwa hawako tena katika ujana wa kwanza, akampelekea ua la asagao lililokwisha kufifia, na maneno ya kuuliza kama uzuri wake umepita. Binti wa mfalme akamjibu kwa upole kuwa ndivyo, ndilo yeye hasa. Mlango usifunguke. Aliyeitwa kwa ua linaloisha kabla ya adhuhuri ndiye aliyedumu na neno lake muda wote.

Linganisha na wanaume wa sehemu ya mwisho ya kitabu. Kaoru ameitwa kwa harufu nzuri, na harufu hiyo yatoka mwilini mwake. Niou naye huichanganya mwenyewe kwa manukato. Jina la mwanamume limetoka katika ngozi yake au katika kazi ya mikono yake. La mwanamke limetoka katika jicho la mpita njia. Najua nitaambiwa kuwa yuko Kashiwagi, mwanamume mwenye jina la mti, na hoja hiyo naikubali. Lakini mmoja haangushi msitu.

Kilichotokea baada ya kitabu chathibitisha jambo hilo kwa ukali. Majina ya sura za Genji yakawa majina ya kazi: kwanza kwa wanawake wa majumba ya wakuu, na baadaye, katika zama za Edo, kwa malaya wa mitaa ya starehe. Jina la ua likawa kitambulisho cha mtu anayenunuliwa. Lafcadio Hearn, aliyeishi Japani akaandika juu ya majina ya wanawake katika kitabu chake cha 1900, aliwaonya wasomaji wa Ulaya wasidhani kuwa kila msichana wa Kijapani ameitwa kwa uzuri; majina ya mapambo, alisema, yaliwahusu zaidi geisha. Mwanakijiji aliyemwita bintiye Ume alikuwa na jambo jingine moyoni. Ume huchanua theluji ingalipo; mzazi alikuwa akiomba subira, na alijua baridi ni nini. Jina hilo nalo lamtaja mtoaji, ila huyu alikuwa mtu atakayekaa katika baridi ile ile na mtoto wake.

Tanizaki Junichiro, aliyekifasiri kitabu cha Genji kwa Kijapani cha siku hizi, amelitambua jambo hili vizuri katika riwaya yake ya akina dada wanne wa Makioka, ambayo ilianza kutoka katika jarida 1943 ikazuiwa na wenye amri za vita. Kila mwaka hao dada huenda Kyoto kutazama maua ya mcheri, na kurasa za matembezi hayo ni katika kurasa nzuri kabisa za nathari ya karne iliyopita. Lakini majina yao ni Tsuruko, Sachiko, Yukiko na Taeko: korongo, heri, theluji, uzuri wa ajabu. Hakuna ua hata moja. Wanaokwenda kutazama maua kwa moyo wa namna ile hawana haja ya kuitwa maua. (Hilo "ko" la mwisho maana yake ni mtoto, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 lilikuwa mkia wa majina mengi ya wasichana wa Japani.)

Siku hizi maua yamerudi, nayo yamepita mikononi mwa sheria. Tangu 1948 mzazi wa Kijapani amewekewa mpaka wa herufi anazoruhusiwa kuandikia jina. Orodha ya herufi 92 za nyongeza iliyotolewa 1951 ilileta fuji na ran, na ile ya Aoi ikangoja mpaka 1976. Tangu tarehe 26 Mei 2025 hata matamshi ya jina huandikwa katika daftari la ukoo. Hana laweza kuandikwa kwa herufi ya ua, au kwa herufi mbili zenye maana ya bawa na mboga, yakabaki matamshi tu.

Sasa nirudi Tanga. Hana kwa Kiswahili ni kukosa, na mama mkwe hakuwa mpumbavu. Mtoto akiitwa darasani, mwenzake wa kumalizia sentensi hatakosekana. Nilimkumbusha kuwa jina lenyewe si geni kwetu: waumini wa Kikristo wanalo katika Biblia ya Kiswahili, la mama yake Samweli, ambaye kwa ajabu ya lugha huyo Hana hana mtoto mpaka Mungu anapomsikia, na Waislamu wanalo Hanaa la Kiarabu, lenye maana ya raha. "Basi na aitwe hilo la Kiarabu," akasema, "na huyo Mjapani akae kwao." Nikaona kuwa hoja yangu imemsaidia adui.

Ndipo nikafanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mwanzo, kama hicho kitabu kimenifundisha kitu. Nilimwuliza kijana, si maana ya jina, bali alilisikia wapi. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kuwa mwaka wake wa kwanza kule alipanga chumba kimoja, na nyumba ya jirani alikuwako mtoto wa kike wa miaka sita au saba, aitwaye Hana, aliyepita mlangoni pake kila asubuhi na mfuko wake wa shule mgongoni. Majirani wengine walikuwa wakiinamisha vichwa na kupita upesi. Mtoto huyo alimwuliza jina lake, akalijaribu mara tatu, akalipata. Na toka siku hiyo alimsalimu kwa jina lake kamili, ambalo hata wakubwa katika chuo chake walikuwa wamelikata vipande. "Mjomba, mwaka ule wote," akasema, "ndiye mtu pekee aliyeniita."

Majuma matatu tulikuwa tunabishana juu ya ua, kumbe hapakuwa na ua. Nilimwambia aende akamweleze mama mkwe wake maneno hayo hayo, kama alivyonieleza mimi, asitaje Kijapani wala maana. Alikwenda. Yaliyosemwa huko sikuyasikia. Najua tu kuwa chai ilinywewa, na kwamba mama mkwe aliuliza yule mtoto sasa ana umri gani, na kama aliwahi kupelekewa zawadi.

Japani jina hutangazwa usiku wa saba baada ya kuzaliwa, likaandikwa kwa wino na kutundikwa ukutani. Kwetu pwani nako ni siku ya saba, kwa akika. Nilifika asubuhi, mbuzi amekwisha chinjwa, nikakuta bibi amempakata mjukuu wake barazani, amemfungua kanga usoni, anamchunguza kama mtu anayesoma barua.

"Hana meno," alikuwa akimwambia. "Hana nywele. Hana deni la mtu." Akamgeuza, akamlaza begani.